Langoni Wetu (kundi la Watsapu la mtaa, Lamu): ile picha ya jana

JUMAMOSI

[06:41] Bi Zuhura: Asalam alaikum. Nasema mapema kabla watu hawajatoka. Ile picha iliyoingia hapa jana saa nne usiku, kila aliyeipata AIFUTE. Asiitume, asimwonyeshe mtu. Humu mna wanaume. Ukishafuta andika jina lako chini. Naanza. 1. Zuhura

[06:43] Fatma: Bi Zuhura nisamehe, nisameheni nyote. Sikulala. Nilikuwa namtumia halati yangu wa Mombasa aliyeshindwa kuja ntazanyao kumuona bibi harusi akionyeshwa wanawake, kidole kikaangukia kundi hili badala ya lile la kina dada. Najua kuwa picha za harusi za wanawake haziingii humu. Sikukusudia wallahi

[06:44] Fatma: Na nilipoona nikakimbilia kufuta, kwa kiwewe nikabonyeza "futa kwangu". Sasa mimi siioni na nyinyi mwaiona

[06:50] Bi Zuhura: Basi admini ataifuta kwa wote. Athman?

[06:50] Bi Zuhura: Athman uko?

[07:15] Saidi wa Boti: Athman yuko Kiwayuu tangu Jumatano, wanavua kamba. Mtandao hapati mpaka wapite Faza

[07:16] Bi Zuhura: Admini mwingine nani?

[07:31] Mama Nuru: Hakuna mwingine. Alikuwa wewe. Tukakuvua, na sababu waijua

[07:32] Bi Zuhura: Mama Nuru si leo tafadhali

[07:34] Mama Nuru: Leo ndiyo siku yake. Mimi nilitolewa kwa picha ya mahamri. Ramadhani nzima niko nje, mtu akifa mtaani naambiwa na jirani maiti ishazikwa. Sheria ya biashara, ukasema. Mahamri yana uso ule?

[07:36] Saidi wa Boti: Ya Mama Nuru yana uso na mashavu pia 😂

[07:36] Kassim: 😂😂

[07:38] Kassim: Leo yapo?

[07:39] Mama Nuru: Yapo, na mbaazi

[07:40] Bi Zuhura: JAMANI. Majina! Mpaka sasa niko peke yangu na watu wamesoma

[07:58] Kassim: 2. Kassim

[08:03] Hafswa: Bi Zuhura mimi nina wasiwasi. Simu yangu hushusha picha yenyewe, ile sikuifungua hata. Je na mimi nimevunja sheria? Simu hii mume wangu huishika

[08:20] Mwl. Omar: Hafswa, kosa si lako lakini picha unayo. Kuifuta ndani ya kundi hakutoshi. Nenda galari, tafuta folda ya Watsapu, ifute hapo. Kisha fungua pipa la taka la galari, maana simu nyingi huweka kilichofutwa siku 30. Na uzime ile ya kupakua picha kiotomatiki, iko kwenye mipangilio, hifadhi na data. 3. Omar

[08:41] Hafswa: Nimeikuta kweli, tena kubwa kuliko humu ☹️ Nimefuta kote kuwili. 4. Hafswa

[08:44] Fatma: Mwalimu, naweza kushtakiwa? Kaka yangu asema kuna sheria ya mitandao

[08:45] Saidi wa Boti: Boti ya Mokowe ishawashwa, gereza la kule Hindi wanakungoja

[08:46] Fatma: Saidi mimi nalia hapa

[08:47] Saidi wa Boti: Nisamehe dada. 5. Saidi

[08:55] Mwl. Omar: Fatma tulia. Sheria ya makosa ya kompyuta ni ya 2018, nayo yasema habari za uongo, kusumbua watu, picha za uchi. Bibi harusi na hina yake si hayo. Hapa pana sheria yetu wenyewe tu

[08:57] Fatma: Basi nitolewe kama Mama Nuru alivyotolewa. Ndiyo haki

[09:02] Mama Nuru: Mwanangu sikusema utolewe. Nasema mimi mbona nilitolewa

[09:10] Bi Zuhura: Tuko 64. Majina matano. Wanaume hasa, nawangoja. Mnasoma, kwenye maelezo ya ujumbe nawaona waliosoma

[11:26] Bi Zuhura: Bado matano

[11:40] Ami Twalib: Nani ana namba ya fundi wa mfereji

[13:05] Bi Mwanaesha: 🎤 1:38

[13:07] Kassim: Bando limekatika, mwenye kusikia atuandikie

[13:19] Hafswa: Naandika alivyosema Bibi: "Wana wangu, mimi sisomi, nimesomewa na mjukuu yote. Tangu asubuhi mwahisabu majina. Mwamtaya Fatma, mwataya mahamri, mwataya sheria. Mwenye uso wake hamukumtaya hata mara moya. Mtoto yule nimemsinga mimi kwa mikono yangu, na mlango wa ntazanyao nimeufunga mimi. Ni nani aloenda kumuuliza?"

[13:19] Hafswa: Kisha amenyamaza, kaikata

[14:22] Raya: Mimi ni dada yake, nilikuwa nasoma tu. Mwanajuma hajui. Yuko ndani ya fungate, simu kaizima, na mama kasema asiambiwe mpaka siku ya saba

[14:24] Fatma: Raya nitakuja. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu

[14:25] Raya: Siku ya saba ni Alhamisi

[14:31] Bi Zuhura: Nitafuatana nawe Fatma. Na Mama Nuru akipenda

[14:33] Mama Nuru: Mimi niende kama nani

[14:34] Bi Zuhura: Kama jirani. Na lile la Ramadhani tutalisema njiani mimi nawe, si hapa

[14:50] Mama Nuru: Nitaona

[15:12] Bi Zuhura: 6, 7, 8? Wanaume wa mtaa huu?

[17:48] Athman: Asalam alaikum, ndio tumefika Faza. Jumbe 200. Kuna nini



[17:51] Athman: Nimeifuta kwa wote. Nisameheni, sikuiangalia mara mbili. Aliyekwisha ihifadhi siwezi kumfikia mimi

[17:53] Bi Zuhura: Ndiyo maana nataka majina. 6. Athman. Bado 58

[17:55] Raya: Na mume wake je? Yeye simu yake iko wazi, na yumo humu kundini

[18:20] Ami Twalib: Maji yanafunguliwa saa ngapi leo

[18:21] Saidi wa Boti: Baada ya isha, Ami