Nina wikiendi moja Monaco na euro 400 kwa watu wawili, nizigawe vipi?

Mama Kontena:
Habari zenu wakuu. Nipo Marseille kwa mafunzo ya kazi, mambo ya bandari, wiki nne. Mdogo wangu wa kike anasoma Milan. Tumepanga tukutane Monaco wikiendi ya mwisho ya Septemba. Tangu utotoni naona kwenye TV ya jirani yale magari ya mbio za Formula 1 yakikata kona pembeni ya boti, nikajiapiza siku moja lazima nikanyage pale.

Wasiwasi wangu: viza yangu ni ya Ufaransa, kuingia mara moja. Nikivuka kwenda Monaco si itahesabika nimetoka? Halafu usiku tunataka kuona kasino na kucheza muziki kidogo, kamari hatuna mpango nayo. Tuvae nini, tulale wapi? Nimeangalia hoteli ya pale kwenye uwanja wa kasino, bei ya usiku mmoja nikadhani ni namba ya simu.

Chura Mtulivu:
Watu wanaulizia Monaco, mimi nipo Mbagala nasubiri daladala tangu saa 11. Waje wataalamu, nami nijifunze.

Kisiki cha Nice:
Dada, viza isikunyime usingizi. Monaco haimo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini mpaka wake na Ufaransa uko wazi na viza ya Ufaransa inatosha. Hata hutajua umevuka, utashtukia namba za magari zimebadilika. Anayetakiwa kuwa makini ni huyo mdogo wako. Treni zinazotoka Ventimiglia, upande wa Italia, polisi wa Ufaransa huzikagua pale Menton, mji wa mpakani, na sisi weusi ndio wanaotuanzia. Abebe pasi na kibali halisi cha ukaazi, asitegemee picha kwenye simu.

Sasa kubwa kuliko yote: BADILISHA TAREHE. Mwishoni mwa Septemba ndiyo maonyesho ya boti za kifahari pale Port Hercule, bandari ya Monaco. Bei za vyumba zinapaa hadi Nice, na sehemu kubwa ya bandari unayotaka kuiona inakuwa ya wenye tiketi. Nenda mapema mwezi huo, bahari bado ina joto.

Mama Kontena:
Uwiii! Asante kaka. Na mimi mtu wa bandari nikaenda kufungiwa nje ya bandari, ningelia. Je, tukilala Nice tukawa tunaenda na kurudi?

Sultani wa Tabora:
Usithubutu kama unataka usiku. Nilifanya hivyo 2019. Kutoka Nice kwa treni ni dakika 20 na kitu, nauli euro chache tu, nikajiona mjanja. Kumbe kule muziki unaanza kunoga saa 7 usiku, na treni ya mwisho imeshaondoka zamani. Nikaulizia teksi, nilipotajiwa bei nikarudi kukaa kwenye benchi. Polisi walinijia mara tatu hadi alfajiri, kwa adabu kabisa, "bonsoir monsieur", wanaangalia pasi, wanarudisha. Mara ya tatu nikamtolea kabla hajafungua mdomo.

Na klabu yenyewe niliyoingia (siitaji) kiingilio kilikuwa bure. Nikasema hawa watu waungwana. Nikaagiza soda na kipande cha limau: euro 28. Niliinywa kwa saa mbili, barafu ikaisha, nikanywa na yale maji yake. Meza usiikalie kabla hujauliza, maana meza inaenda na chupa, na chupa moja ni kodi yako ya nyumba ya miezi kadhaa.

Kisiki cha Nice:
Pole Sultani, hahaha. Dada, lala Beausoleil. Ni mji wa Ufaransa ulioegemea mgongo wa Monte Carlo, yaani mtaa wa Monaco wenye kasino, kuna mtaa upande huu ni Ufaransa na upande wa pili ni Monaco. Vyumba vya kawaida vinapatikana, na kushuka hadi kasino ni mwendo wa dakika kama kumi. Kupanda usiku miguu inauma, ila ziko lifti za umma na ngazi za umeme, bure. Mji wote umejengwa kwenye jabali, bila lifti watu wangekonda.

Stesheni nayo imechimbwa ndani ya mwamba. Soma vibao kabla ya kutoka, milango iko ghorofa tofauti. Ukikosea unajikuta juu ya mji na mizigo yako.

Wa Eldoret:
Ungeenda Julai ungeona Herculis, mashindano ya riadha pale uwanja wa Stade Louis II! Beatrice Chepkoech alivunja rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji hapo 2018, 8:44.32. Cheptegei wa Uganda akafuata 2020, mita 5,000 kwa 12:35.36. Halafu 2023 Faith Kipyegon akakimbia maili kwa 4:07.64. Nchi ya kilomita za mraba mbili, sisi ndio tunaichakaza lami yake. Hata bila mbio, pita mtaa wa Fontvieille uuone huo uwanja. Nyasi ziko juu, maegesho ya magari yako chini yake.

Mwanapwani:
Kuhusu kasino: ukumbi wa mbele mnaingia bila kulipa, mnaangalia dari na nguzo mnatoka. Vyumba vya kuchezea vina kiingilio, na lazima uwe na pasi na umri wa miaka 18. Jioni kaptula na kandambili hapana. Gauni la heshima na viatu safi vinatosha. Raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo, mjue hapo nani analiwa.

Jirani yake ni Hôtel de Paris. Mapokezi kuna sanamu ya Louis wa 14 juu ya farasi, goti la farasi limeng'aa kwa kushikwa na wacheza kamari wanaotafuta bahati. Mlinzi akiwaruhusu, shikeni. Na msishangae mkisikia klabu inaitwa Twiga, jina alilianzisha Flavio Briatore, yule Muitaliano wa Formula 1 aliyewekeza kwenye hoteli Malindi.

Mchana pandeni Le Rocher, lile jabali lenye mji wa kale na ikulu. Walinzi wa ikulu hubadilishana zamu saa 5:55, fikeni mapema. Kwenye kanisa kuu kuna kaburi la Grace Kelly, mwigizaji wa Hollywood aliyeolewa na mtawala wa Monaco, maua hayakosekani. Pesa ya kiingilio itunzeni kwa makumbusho ya bahari ya 1910, yamesimama ukingoni mwa jabali. Chakula, soko la Condamine: tafuteni socca, chapati ya unga wa dengu. Ufukwe wa Larvotto ni wa umma, ila ukitoka mchangani vaa nguo, kutembea mjini na nguo ya kuogelea ni faini. Na zima data ya simu! Vifurushi vingi vya Ulaya havihesabu Monaco.

Mama Kontena:
MREJESHO. Tumerudi salama, tulienda wikiendi ya pili. Beausoleil chumba euro 118, tumebakiwa na euro 61. Njia ya mashindano tumeitembea yote kwa miguu, kilomita 3.3. Ile kona kali ya hoteli ya Fairmont kwenye TV inaonekana pana, kumbe hata semi-trela ya Dar isingegeuka. Handakini mdogo wangu akaanza kuunguruma kama injini, Wajapani wawili wakampiga picha.

Klabu tuliangalia mlango, tukakumbuka soda ya Sultani, tukaenda kukaa ukutani bandarini na ndizi zetu. Boti moja ilikuwa na helikopta juu, kijana anaifuta kwa kitambaa saa 5 usiku.

Goti la farasi tumelishika. Mdogo wangu akanunua tiketi ya bahati nasibu Menton, hajapata kitu mpaka sasa, anasema labda alishika mguu usio wenyewe.