Chumba cha juu nyumba ya mzee: jipsamu, mbao au tofali?

Wakuu, niko Moshi. Nyumba ya marehemu baba ina chumba cha juu chini ya bati, sakafu ya mbao. Nataka kukigawa viwili. Fundi anasema tufunge tofali la inchi sita "liwe imara". Masika iliyopita nilikuta doa la kahawia ukutani, upana wa sahani, na nikibonyeza plasta inaingia kidole. Nifanyeje?

Jibu 1: Kaka, fundi huyo mwambie apande mwenyewe kwanza. Tofali moja la inchi sita karibu kilo 30, mita moja ya mraba inakula kama tisa. Boriti za zamani zitapinda tu. Piga fremu ya mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, funika jipsamu.

Jibu 2: Jipsamu sawa, lakini si kabla ya kurekebisha bati! Mimi nilifunga kwangu Arusha mwezi wa pili, wa nne ubao wa jipsamu umevimba kama mkate kwenye chai. Nilikuwa nimenunua ule mweupe wa kawaida. Wa kijani unavumilia unyevunyevu, ila bati likivuja nao unaharibika.

Muulizaji: Asanteni. Nimepanda juu leo, msumari mmoja wa bati umeng'oka, sawasawa na lile doa. Na boriti ya kona nimeichoma bisibisi, imezama hadi mpini.

Jibu 1: Hapo boriti imeoza, sahau kuta kwanza. Badilisha boriti.