Naomba ushauri: tairi na mzigo kwa njia ya Canal du Midi

Habari wakuu. Wazoefu wa safari ndefu za baiskeli, naombeni msaada. Mpango ni kutoka Toulouse hadi Sète, Ufaransa, kilomita 240 kando ya mfereji uliochimbwa kati ya 1666 na 1681, kwa siku 5. Magari karibu hamna, na mlima wa kusema mlima hakuna. Kazi ni njia yenyewe: lami inaishia kama kilomita 50 tu, kisha changarawe na udongo, na mizizi ya miti ya ukingoni imeinua njia sehemu nyingi.

Tairi ni za milimita 32. Mzigo kilo 14, wote kwenye keria ya nyuma. Upepo ukiwa mdogo, mzizi unaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu 2 sambamba, kama umeng'atwa na nyoka. Ukijaza sana, mtikisiko wote unaishia kwenye keria na spoku.

Fremu inapokea tairi za 40, ila inabaki milimita 4 tu kila upande. Mvua ikinyesha, ule udongo wa mfinyanzi si utaganda hapo na kuzuia gurudumu? Madigadi nadhani yavuliwe kabisa.

Je, kuhamishia kilo 5 mbele kunasaidia, au usukani utakuwa mzito kwenye mizizi? Na spoku ya upande wa giya ikikatika, mnabeba kifaa cha kung'oa giya ili kuibadilisha, au mnavumilia hadi mji wa Carcassonne ulio njiani?