Likizo ya Desemba: unga wa chumvi, ukili, vifuu au vitambaa? Tulinganishe

MamaTudor
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Shule zimefungwa. Nyumbani nina wa miaka minne, wa minane na wa kumi na mitatu, na wapwa zangu wawili wanakuja kutoka Changamwe. Nataka tukae pamoja tutengeneze mapambo ya nyumba na vijizawadi vya majirani, maana ghorofa yetu ina wa Krismasi na wa Idi, na sote hupelekeana sahani. Nimetenga shilingi 500 kwa kazi yote. Nafikiria njia nne: mapambo ya unga na chumvi, ukili wa miyaa (msuko wa majani makavu ya kusukia mikeka), vifuu vya nazi, au mabaki ya vitambaa. Ipi itawafaa watoto wa rika zote hizi, na ipi itastahimili hewa yetu?

Mwalimu_Likoni
Aleikum salaam dada. Nianze na unga, kwa kuwa ndio unaosifiwa sana mitandaoni. Kipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji karibu kikombe kimoja, ukande kama wa chapati. Huyo wako wa miaka minne ataupenda mno.

Lakini sisi tuko Mombasa. Chumvi hunywa unyevu wa hewani, na hapa unyevu hauishi mchana wala usiku. Pambo litakauka vizuri, ulitundike, kisha baada ya siku chache ulikute limetota na limelainika. Ukitaka lidumu, lioke kwa moto mdogo sana mpaka ukiligonga lilie kama kigae, kisha ulipake vanishi pande zote, hata ndani ya tundu la uzi. Sasa piga hesabu ya unga, chumvi, gesi ya saa kadhaa na kopo la vanishi. Mimi naona ndiyo ghali kuliko zote nne. Uwafanyie watoto kwa mchezo wa siku moja, usiyategemee kwa mapambo.

BiKuze
Mwanangu MamaTudor, mimi nitakusemea ukili. Miyaa hupatikana kwa wauza mikeka na vikapu, na kifungu kimoja huenda mbali. Hakikisha imekauka na kuwa nyeupe. Kabla ya kusuka, irowe maji kidogo, la sivyo itakatika mikononi. Ukitaka rangi, ichemshe na rangi ya unga ile ya mikeka, kisha ianike kivulini.

Huyo wa kumi na mitatu aanze na ukili mwembamba wa miyaa minne. Mkono ukizoea, aongeze. Usimpe mkeka wala kawa la kufunikia chakula, hizo ni kazi za miezi. Mpe bangili, au alamisho ya msahafu au ya kitabu, au pete ya kubania kitambaa cha mezani. Wa miaka minane atasuka ukishika wewe mwanzo wake. Mdogo hawezi, na usimlazimishe akauchukia. Uzuri wa ukili ni kwamba hauogopi hewa ya bahari. Ukunjue tu mara moja moja upigwe na upepo usije ukaota ukungu.

Na jambo moja lililo moyoni mwangu: mabinti wengi wa siku hizi wanaununua ukili tayari. Kama una mama au shangazi anayejua, mkalishe na watoto likizo hii.

Fundi_Majengo
Vifuu ni bure, kila nyumba inayokuna nazi inavyo. Gharama ni msasa tu: karatasi moja ya mchanga mkubwa na moja ya mchanga laini. Toa makumbi yote ya nje kwanza, sugua mpaka king'ae, kisha paka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Hakuna haja ya vanishi. Kinakuwa kibakuli cha tende, cha vipuli au cha funguo. Ukitaka kuweka mshumaa, nyuzi za makumbi zisibaki hata moja, zinashika moto upesi.

Kupasua na kutoboa ni kazi ya mtu mzima. Watoto wasugue. Vumbi lake linakereketa koo, kwa hiyo wakae nje, barazani.

BabaNyali
Na makombe ya baharini? Sisi tuko karibu na ufuo, maji yakipwa watoto wanayaona tele.

Mwalimu_Likoni
Kaka, yaacheni. Kuanzia Nyali kwenda Bamburi kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, na humo ni marufuku kuokota makombe na matumbawe. Hata nje ya hifadhi, kombe lililo tupu kaa hulihamia likawa nyumba yake. Watoto wayatazame, wayachore nyumbani.

ShogaMjiWaKale
Shoga yangu, mbona vitambaa vimesahauliwa? Mimi kwangu ndiyo namba moja. Pita kwa fundi cherehani yeyote mtaani, mwombe mabaki, wengi watakupa bure kwa sababu wanayatupa. Ukipata vipande vya leso ndiyo bora, rangi zake zinasema zenyewe. Kata vipande virefu kama kiganja, vyembamba kama vidole viwili, mvifunge fundo kimoja kimoja kwenye kamba mpaka ijae. Hakuna sindano, hakuna gundi, hakuna kusubiri kikauke. Wa miaka minne anafunga, wa kumi na mitatu anapanga rangi. Ikichafuka unaifua, na mwakani unaitundika tena.

Gundi ya unga mimi siitaki kabisa, mende na panya huifuata mpaka ukutani.

Vijizawadi mtie kwenye mifuko ya magazeti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na ya karatasi mtoto anaweza kuipamba mwenyewe.

Fundi_Majengo
Mkibakiwa na vitambaa, fanyeni mikia ya tiara (vishada vya kurusha). Kaskazi imeanza, upepo ni mzuri jioni. Chelewa mbili kutoka kwenye fagio, gazeti, uzi wa cherehani, basi. Gundi ya wali inatosha hapo, BiShoga, tiara hailali ukutani. Warushie uwanjani, mbali na nyaya za stima.

MamaTudor
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeamua hivi: vitambaa kwa wote, vifuu kwa wapwa maana wana nguvu za kusugua, na ukili kwa binti yangu mkubwa. Unga nimeuacha kwa mahamri. Shilingi 500 zitanunua miyaa, msasa na kamba, na naamini kitabaki kitu. BiKuze, miyaa ikishaloweshwa inasukwa ikiwa mbichi, au nisubiri maji yachuje?

BiKuze
Ikung'ute, uifunge kwenye kitambaa kibichi, uwe unatoa michache michache kadiri mnavyosuka. Ikikauka katikati ya kazi, lowesha vidole tu, usiitie tena majini.