Baba anasema "watiini wazazi wenu" na mtoto analala ziwani, naombeni ushauri

mama_wa_kibirizi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 16 yuko kidato cha pili, tunaishi huku Kibirizi Kigoma. Kila giza likiingia (wa huku mnajua, dagaa wanavuliwa mwezi ukiwa haupo) baba yake anaondoka nae ziwani jioni wanarudi alfajiri, mtoto anaoga anavaa yunifomu anaenda shule kusinzia, mwalimu wake keshaniita. Nikimwambia mume wangu anafungua Waefeso 6:1, enyi watoto watiini wazazi wenu katika Bwana, basi mazungumzo yameishia hapo. Kijana hajawahi kumjibu baba yake vibaya ila siku hizi kwenye ibada ya nyumbani anakaa kimya, ukimpa Biblia asome anasema asome mdogo wangu. Hicho ndo kinaniuma kuliko hata shule. Je mtoto wa Kikristo anatakiwa atii kila kitu? Na mimi mama nafasi yangu ni ipi, maana sitaki nionekane nampinga mume wangu mbele ya watoto.

mzee_ujiji
Asifiwe sana mama. Mimi ni mzee wa kanisa na dagaa nimevua tangu enzi za karabai kabla ya hizi taa za sola, kwa hiyo nasema kama mvuvi mwenzake na mumeo. Asome mpaka mstari wa 4, nanyi akina baba msiwachokoze watoto wenu bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana. Na Wakolosai 3:21 Paulo anatoa na sababu kabisa, wasije wakakata tamaa. Hicho unachokiona kwenye ibada ndo chenyewe, mtoto anakata tamaa polepole na anaanza na Biblia kwa sababu ndiyo anayoambiwa kila akichoka. Kutii ni wajibu wa mtoto, hata Yesu Luka 2:51 alishuka Nazareti akawatii wazazi wake, ila kulea ni wajibu wa baba na huo hakuna mtoto anayeweza kumfanyia. Kumbukumbu la Torati 6 inasema tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Sasa mimi nauliza, saa nane usiku mko wawili kwenye boti mnasubiri dagaa wapande kwenye taa, baba na mwana wanaongea nini? Kama ni kufokeana tu kuhusu nyavu basi hakuna malezi hapo, kuna kibarua asiyelipwa.

dada_urambo
Pole mama, ila mi naomba nitofautiane kidogo tusije tukamfanya huyo baba mbaya. Nimekulia Urambo kwenye tumbaku, tumechuma majani tumeyapanga kwenye bani (banda la kukaushia) sisi watoto wote na nashukuru, mtoto asiyejua kazi anawatesa wazazi uzeeni. Maombolezo 3:27 inasema ni vema mtu aichukue nira ujanani. Ila baba yetu alikuwa na jambo moja, hela ya mauzo ikitoka kwenye chama cha msingi cha ushirika anatuita wote anatuambia imepatikana kiasi hiki, deni la mbolea hili, hii ada, hii sadaka, hii viatu vyako wewe. Tulijua tunachotoka jasho ni cha kwetu. Je huyo kijana anaambiwa chochote, anajua hela ya dagaa inaenda wapi? Na masomo yetu yalikuwa hayaguswi, shamba ni baada ya shule na likizo.

kijana_mwanga
Dada umeongea vizuri ila shambani mchana na ziwani usiku ni vitu viwili tofauti kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ziwa Tanganyika upepo ukigeuka hata watu wazima hawarudi. Mama usiogope kuongea, Waefeso 6:2 amri imesema waheshimu baba NA mama, kwa hiyo sauti yako kwa huyo mtoto nayo inatakiwa itiiwe.

mama_wa_kibirizi
Asanteni sana, nimesoma yote. Dada wa Urambo umenigusa maana kweli haambiwi kitu. Niseme na upande wa mume wangu pia, sio mtu mkatili, tangu ziwa lilipofungwa tusivue mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei mpaka Agosti tulikopa kula na kukopa nyavu, akachoka kulipa mtu wa kumsaidia ndo akamchukua mwanae. Ila deni ni letu sisi wazazi, mtoto hakukopa.

mzee_ujiji
Hapo umesema neno mama. 2 Wakorintho 12:14, haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto. Kuna 1 Timotheo 5:4 nayo ya kuwalipa wazazi, lakini hiyo inahusu akina mama wajane wenye watoto na wajukuu, sio baba mwenye nguvu zake. Ushauri wangu usimwendee na mistari, mtaanza kurushiana. Ngoja mbalamwezi ambapo haendi kazini na kichwa kimetulia, kaeni wawili watoto wamelala, umwambie kuhusu deni mnalibebaje pamoja. Kijana Jumamosi asaidie kuanika dagaa kwenye chanja na kupeleka sokoni, hiyo ni kazi ya nyumbani haina shida, usiku alale, Novemba ana mtihani wa taifa. Mumeo akikataa mwambie mzee wa kanisa lenu aje kama mgeni wa jioni, sio kikao cha kumshitaki. Na ibada msimlazimishe kusoma kwa sasa, baba yake asome yeye, aanzie huo mstari wa 4.