Tupeane uzoefu: ahadi gani ya kampeni imekukaa kooni mpaka leo?

MamaKisimani
Wakuu, leo asubuhi gari la matangazo limepita pale tunapochotea maji. Ahadi ni ileile ya kampeni iliyopita na ya kabla yake: bomba mpaka mlangoni. Foleni ya ndoo imefika barabarani na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuliangalia. Nimechoka, jamani. Tupeane uzoefu, ninyi mliahidiwa nini?

Kizibo
Barabara. Uchaguzi ukikaribia greda linakuja kukwangua, mvua za kwanza tu mashimo yanarudi.

Mtu wa Bondeni
Kama kwetu kabisa.

Mfinyanzi
Umenitonesha kidonda, dada. Kijijini kwetu tulianza zahanati kwa nguvu zetu. Tofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, kila kaya ikatoa mchango, asiye na hela akabeba mawe. Boma likafika kwenye lenta. Akaja mgombea ubunge, akawaambia wazee wetu: nipeni kura, bati niachieni mimi. Kura alizipata. Bati hatujaziona. Mvua zikala kuta, ndani ukaota mnyonyo mrefu kuliko mtu, mbuzi wakapageuza zizi.

Usiku mmoja wa masika shemeji yangu akashikwa na uchungu. Zahanati iliyopo iko kata ya pili, ng'ambo ya korongo. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nimekaa nyuma nimemkumbatia asianguke. Kufika, korongo limejaa, halivukiki. Tukamgongea mlango mama mmoja mkunga wa jadi, akamzalisha pale pale kwake, mimi namulika kwa simu. Mtoto alitoka mzima, akalia vizuri tu. Mama yake damu ikagoma kukata. Yule mama akaniambia, "Baba, hapa mikono yangu imefika mwisho, huyu anataka hospitali." Hospitali iko ng'ambo, maji yanapita mbele yetu. Alifariki kabla hakujakucha.

Sasa mgombea yuleyule amerudi. Picha zake wamezibandika kwenye kuta za boma lile lile. Mkutanoni nilinyoosha mkono niulize swali moja tu, mwenye kipaza sauti akanipita kama hanioni, muziki ukafunguliwa. Kaka yangu aliondoka uwanjani bila kusema neno.

Kizibo
Pole sana mkuu. Mungu ampumzishe.

MamaKisimani
Nimeshindwa kuendelea na kazi. Mtoto yuko na nani?

Mfinyanzi
Yuko kwa bibi yake. Anakua.

Hoja Nzito
Pole kwa msiba, ndugu. Ila tuelezane ukweli: mbunge hajengi zahanati. Kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Kuezeka ni jukumu la halmashauri.

Binti Kadogo
Kama si kazi yake aliahidi ya nini? Na Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo upo kisheria tangu 2009, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Umewekwa kuchochea miradi ambayo wananchi wameshaianza. Boma lililofika lenta ni nini kama si hicho?

Hoja Nzito
Mfuko ule ni mdogo, jimbo lina kata nyingi.

Binti Kadogo
Udogo wake aliujua alipokuwa anaomba kura. Watu wamezika, wewe unatetea!

Hoja Nzito
Sitetei mtu. Nasema mkienda kudai mlango usio wenyewe mtazungushwa miaka.

Mtu wa Bondeni
Mimi nimeshaamua, siku ya kura nalala.

Mzee Kijiweni
Kijana, hilo tulishalijaribu. Mwaka 2010 Tanzania nzima tulioandikishwa tulikuwa zaidi ya milioni 20, waliopiga kura kama milioni 8.6. Chini ya nusu! Bunge lilikaa bila wasiwasi wowote. Anayelala hahesabiwi, wanahesabiwa waliokwenda.

Mtu wa Bondeni
Na waliokwenda wamepata nini, mzee wangu? Maji? Heshima yako, lakini nijibu hilo.

Fundi Rangi
Ushauri wangu: kofia pokea, fulana pokea, khanga mpelekee mama, halafu kura ni siri yako.

Binti Kadogo
Usiwafundishe watu hivyo. Bunge liliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, kwa marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya 2000, ikabidi watu waende Mahakama Kuu, ikafuta vifungu vile 2006. Watu walihangaika ili kura isinunuliwe, wewe unarudisha dukani?

Fundi Rangi
Basi dada, nimesikia. Ila mama yangu khanga anaitaka.

Kizibo
Hivi hakuna njia ya kumtoa katikati ya kipindi?

Mzee Kijiweni
Chama chake kikimfukuza uanachama, ubunge unakwenda. Sisi tuliompigia kura mlango huo hatuna. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitupa haki ya kumwondoa, Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likaitoa. Hilo linaniuma kuliko barabara na maji.

Hoja Nzito
Mfinyanzi, kuna kitu kimoja. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu. Ombeni boma liwe ajenda, liandikwe kwenye muhtasari, muhtasari upelekwe halmashauri na nakala yenye muhuri mbaki nayo. Atakayeshinda, awe yeye au mwingine, mnaanzia hapo.

Mfinyanzi
Kwetu mtendaji anaitisha mkutano kukiwa na michango tu. Lakini nitakwenda na kaka. Asante, na sina kinyongo na wewe.

Mpita Njia wa Milimani
Nimechelewa. Sisi tulishushiwa nguzo za umeme wiki ya kampeni, zikalazwa kando ya barabara, watoto wakawa wanazikalia. Matokeo yalipotangazwa lori likaja kuzichukua. Tukamuuliza dereva zinakwenda wapi, akasema ametumwa.

Kizibo
Hee! Na ninyi? Hebu eleza, ilikuwaje?