Kikundi cha Majirani wa Goba: Toyota IST ya Mama Zuu

*Jumamosi*

Mama Zuu, 08:12: Wapendwa, za asubuhi. Kuna anayemjua fundi wa IST asiye na tamaa ya kubadilisha vitu? Gari inakataa mlima. Nikikanyaga mafuta inavuta pumzi kwanza, ndiyo inajikongoja. Na taa ya injini imewaka tangu Jumatano.

Baba Kelvin, 08:15: Ukiwa kwenye foleni inafanyaje?

Mama Zuu, 08:16: Inatetemeka, mshale wa mizunguko ya injini unapanda unashuka. Juzi ikazima kabisa, bodaboda wakanipigia makofi.

Neema Duka, 08:16: Nilikuona 😂 pole

Mama Zuu, 08:19: Fundi wa jana kasema pampu ya mafuta, plagi zote 4 na nozeli. Laki tatu na nusu. Boneti hajafungua, alisikiliza tu.

Juma Bajaji, 08:20: Huyo si fundi, ni mtabiri

Baba Kelvin, 08:22: Usitoe hela bado. Nakuja na kimashine changu cha kusoma makosa ya gari.

Baba Kelvin, 08:51: Tayari. Kodi ni P0171.

Neema Duka, 08:51: Kodi? Mwenye nyumba kashafika huko?

Mama Zuu, 08:52: Hata mimi nimemwambia nililipa ya miezi 6 😂

Baba Kelvin, 08:58: Namba ya kosa jamani. Maana yake injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli inayoingia. Nikipandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, kompyuta inaongeza petroli asilimia 22 juu ya hesabu yake, na bado haitoshi. Nimekagua mpira wa hewa, haujapasuka. Namshuku sensa ya hewa, ile mafundi wanaita eaflo.

Juma Bajaji, 08:59: Inafanya kazi gani hiyo? Bajaji yangu haina

Baba Kelvin, 09:06: Ndani mna kiwaya chembamba kinachochemshwa na umeme. Hewa ikipita inakipoza, kama unavyopuliza chai kwenye kisosi. Kompyuta inaangalia umeme kiasi gani umetumika kukirudishia moto, inajua hewa iliyoingia, inapima petroli. Sasa kiwaya kikivaa vumbi ni kama kimevaa sweta. Hewa inapita nyingi, chenyewe kinahisi kidogo, kinaripoti kidogo. Petroli inakuja kidogo. Mlima haupandiki.

Neema Duka, 09:07: Na vumbi la Goba tunalijua

Mama Zuu, 09:08: Kwa hiyo ninunue mpya?

Baba Kelvin, 09:10: Hapana, isafishe kwanza. Kuna dawa yake ya kupuliza, kopo limeandikwa MAF, ndiyo eaflo hiyo kwa Kiingereza. Maduka ya spea ya Gerezani ipo. Usikubali ya kabureta wala ya breki, hata wakikuapia.

Mama Zuu, 11:34: Niko dukani. Kijana ananipa ya kabureta, anasema "mama, ni ile ile, kopo tu tofauti".

Mzee Shomari, 11:36: Mwanangu, weka chini hiyo kopo.

Mama Zuu, 11:36: Shikamoo mzee

Mzee Shomari, 11:41: Marahaba. Mimi niliaminishwa hivyo hivyo wakati nina Corolla. Nikapuliza ya kabureta, nikaona haitoshi, nikachukua pamba ya masikio ya mke wangu nikasugua. Kiwaya kikakatika tik! Nikanunua sensa ya mtumba, na pamba nikalipa pia.

Juma Bajaji, 11:42: 😂😂😂

Mama Zuu, 11:58: Nimepata yenyewe. Elfu 25.

*Jumapili*

Mama Zuu, 10:03: Nimefungua boneti. Zuu ameshika bisibisi. Nitoe betri?

Baba Kelvin, 10:05: USITOE. Redio yako si ya Kijapani yenye ramani? Ukikata betri itajifunga, ikuombe kadi ambayo ilibaki Japani. Zima gari, chomoa ufunguo, subiri ipoe. Inatosha.

Neema Duka, 10:06: Yangu mwaka wa pili huu inaniandikia Kijapani tu. Naimba mwenyewe

Baba Kelvin, 10:09: Angalia kwenye boksi la ea klina, lile lenye filta ya hewa, kuna soketi ya nyaya 5. Bonyeza kikufuli, ivute kwa kushika soketi, nyaya usiziguse. Halafu skrubu 2 za bisibisi ya nyota. Sensa inatoka wima.

Mama Zuu, 10:21: 📷 Imetoka. Hako kadude keusi ka mbele ni nini?

Baba Kelvin, 10:23: Hicho kinapima joto la hewa. Puliza na chenyewe. Kiwaya chenyewe kiko ndani ya kitundu, puliza mara 10 hivi, pande zote mbili. Bomba la kopo lisiguse kitu. Msipulize kwa mdomo, msifute na kitambaa.

Mama Zuu, 10:24: Zuu alikuwa ameshakwenda kuchukua pamba ya masikio.

Mzee Shomari, 10:24: Mzuie!!

Mama Zuu, 10:33: Maji meusi yametoka jamani. Kama nimefua soksi za shule.

Baba Kelvin, 10:35: Iache kivulini ikauke yenyewe, nusu saa. Dawa hiyo inashika moto, usiiwashe gari ikiwa mbichi. Wakati unangoja fungua boksi, nitumie picha ya filta.

Mama Zuu, 10:44: 📷

Baba Kelvin, 10:46: Ahaa. Unaona imepasuka kwenye mkunjo? Na klipu moja ya boksi ilikuwa imefungwa?

Mama Zuu, 10:48: Moja ilikuwa inaning'inia. Vijana wa kuosha magari walinipulizia filta kwa kompresa mwezi uliopita. Bure, nikawashukuru na soda.

Baba Kelvin, 10:50: Basi mchawi huyo. Kompresa imeichana, vumbi likapita moja kwa moja hadi kwenye sensa. Ukiirudisha filta hiyo, wiki 3 tutakuwa hapa hapa. Na uwe makini usinunue ile ya kupaka mafuta, nayo mafuta yake yanakwenda kuganda kwenye kiwaya.

Juma Bajaji, 10:51: Niko karibu na duka la spea, nikuletee filta?

Mama Zuu, 10:51: Ubarikiwe. IST, injini ya 1NZ.

Mama Zuu, 11:40: Nimefunga kila kitu. Imewaka, ikazima. Imewaka, ikazima!! Baba Kelvin nimeua gari

Baba Kelvin, 11:41: Soketi umerudisha?

Mama Zuu, 11:43: …

Neema Duka, 11:43: 😂😂😂

Mama Zuu, 11:52: Sasa imetulia, mshale umeganda hapo hapo. Zuu anadai alitaka kuniambia.

Baba Kelvin, 13:15: Nimefuta kosa, tumeipandisha mlima nikiwa nasoma. Petroli ya kuongeza kutoka asilimia 22 imeshuka hadi 5. Tuiangalie wiki hii, taa ikirudi ndiyo tutafikiria pampu.

Mama Zuu, 13:17: Na nimepanda na kiyoyozi kimewashwa! Dawa imebaki nusu kopo, anayeitaka aje.

Mzee Shomari, 13:20: Niwekee mimi. Land Cruiser langu nalo siku hizi zito.

Baba Kelvin, 13:22: Mzee, lile ni 1HZ, dizeli ya zamani. Halina sensa hiyo.

Mzee Shomari, 13:29: Nimezunguka injini yote natafuta. Kumbe.